Mfereji Usioguswa wa Kivumoni

Nchi inayosimuliwa hapa haimo katika ramani yoyote, na msomaji asijisumbue kuitafuta. Kila mwenye nchi yake, akiisoma habari hii, ataona wazi kwamba kwao mambo ni tofauti kabisa. Ilikuwa nchi tulivu yenye wizara ishirini na tisa, na ile ya ishirini na tisa iliitwa Wizara ya Urithi, Mandhari na Matembezi ya Afya. Kazi yake ilikuwa kuwatafutia wananchi vitu walivyokuwa navyo tayari, na kuwarudishia vikiwa vimezungushiwa uzio.

Katika nyanda za juu za nchi hiyo palikuwa na bonde liitwalo Kivumoni. Ubavuni mwa mlima wake ulipita mfereji wa maji ambao mtu akiufuata kwa miguu kutoka chemchemi ya msituni hadi mwisho hutumia saa mbili. Mahali palipokuwa na mwamba, maji yalivuka juu ya magogo yaliyochongwa katikati kama mitumbwi. Mahali palipokuwa na udongo mwepesi, kingo zilishindiliwa kwa udongo wa mfinyanzi na magome ya migomba. Mwisho wa safari maji yaliingia katika ndiva, yaani bwawa la udongo ambamo hukusanyika usiku kucha, ili asubuhi yafunguliwe kwa zamu kwenda katika mashamba ya maharage. Mvua za bonde lile zilikuwa ahadi tu. Maji ya kweli yalikuwa ya mfereji.

Mlinzi wa mfereji alikuwa Mzee Elinihaki, mwenye umri wa miaka sabini na mmoja, mzee wa kanisa, mtu aliyenyooka kama rula ya mwalimu. Kazi hiyo aliirithi kwa baba yake. Aliujua mfereji kwa sikio: akiwa kitandani aliweza kumwambia mkewe, Bi Nakijwa, kwamba jani limeziba penye mwamba, na asubuhi watu wakienda wakalikuta jani. Kila mwaka kabla ya vuli alipiga mbiu ya msaragambo, na watu wazima wote wa Kivumoni, wanaume kwa wanawake, wakatoka na majembe kwa kazi ya pamoja. Kwa siku nne walizoa tope na kuziba nyufa, wakabadilisha magogo yaliyooza, kisha wakanywa togwa na kwenda kulala viuno vikiwauma.

Ila walikuwa na adabu moja ambayo wageni hawakuifahamu. Kivumoni mtu hajisifii maji. Zamani sana aliyesema, "Mfereji huu nimeutengeneza mimi," alidhaniwa kuwa anataka kuyafanya maji yawe yake, na mapanga yalitoka alani kwa neno hilo. Kwa hiyo hata mtu akipanda kutoka mferejini tope likimchuruzika magotini, akiulizwa nani ameutengeneza, hujibu, "Ni waliotutangulia." Ni kama mwenye nyumba anayemwambia mgeni kwamba leo hakuna chakula, hali jogoo yumo chunguni. Kila aliyelelewa vema huelewa. Msiba ulikuja siku adabu hiyo ilipokutana na mtu mwenye kalamu.

*

Mtu huyo alikuwa Bwana Kunzugala, Mtafiti Mkuu wa Wizara. Alifika na buti mpya, kofia yenye kamba ya kidevuni, na kalamu nne mfukoni, kana kwamba alitegemea tatu zife njiani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Karibu, bwana. Kaa kwenye kiti, hilo gogo lina upupu."

Bwana Kunzugala akakaa, akafungua daftari. "Mzee, mfereji huu nani aliuchimba?"

"Waliotutangulia, bwana."

"Sawa. Na siku hizi nani anautengeneza?"

"Waliotutangulia."

Kalamu ikasimama, kisha ikaanza kukimbia. "Yaani hata sasa?"

"Hata sasa."

"Wewe binafsi, mzee, umewahi kuugusa?"

Mzee Elinihaki aliitazama mikono yake. Kuchani mlikuwa na tope la Jumanne, maana msaragambo ulikuwa umekwisha juzi yake. Akaificha mikono ile kati ya magoti, kama inavyompasa mtu mwenye haya. "Mimi ni nani hata niuguse, bwana? Sisi tunakunywa tu."

Bi Nakijwa akakohoa jikoni. "Baba Ombeni! Huyo mgeni anaandika!"

"Mwache aandike, Mama Ombeni. Ndiyo kazi aliyosomea."

"Wewe unasema maneno ya adabu, na yeye anaandika maneno ya serikali."

Mzee akacheka, akamwomba mgeni radhi kwa ajili ya jiko lenye masikio. Bwana Kunzugala alikula jogoo ambaye hakuwapo, akashukuru, akaondoka na daftari lake.

Ripoti yake ilikuwa na kurasa mia mbili na kumi na nne. Ilieleza kwamba katika dunia nzima palikuwa na mfereji mmoja tu unaotengenezwa na wafu, na kwamba kwa miaka mia tatu haujaguswa na mkono wa mtu aliye hai. Sura ya mwisho ilishauri kwamba, ili ajabu hiyo isiharibike, mkono wa mtu aliye hai usiuguse kamwe.

*

Waziri alikuja mwenyewe kuuzindua mfereji. Paliwekwa jukwaa, hema, na kipaza sauti ambacho kwa nusu saa ya kwanza kilipiga miluzi kikashangiliwa.

"Ndugu wananchi!" alisema Waziri. "Nchi nyingine zinajivunia majumba na minara iliyojengwa na watu. Watu! Ni nani atakayeshindwa kujenga akiwa na watu? Sisi tunao mfereji unaohudumiwa na marehemu! Bila mshahara! Bila likizo! Bila mgomo! Marehemu wetu ni wachapakazi kuliko walio hai wa nchi jirani!"

Makofi yakapigwa. Waziri akafuta jasho, akaendelea. "Juma lililopita, Kiongozi wetu Mkuu aliutangaza mfereji huu mbele ya mataifa sitini. Mataifa sitini yalisimama. Je, nyinyi watu wa Kivumoni mtakaa?"

Watu wa Kivumoni wakasimama. Mzee Elinihaki alisimama kabla ya wengine, maana alikuwa na neno la kusema. Lakini afisa mmoja, akidhani amesimama kupokea zawadi, alimpa fulana na kofia na kumkalisha tena kwa upole.

Ndipo iliposomwa Sheria ya Mfereji Usioguswa. Kifungu cha kwanza kilisema: *Hakuna mtu aliye hai atakayechimba, kuzoa, kuziba, kuzibua wala kwa namna yoyote kuugusa Mfereji.* Kifungu cha pili kilimteua Bwana Kunzugala kuwa Mhifadhi Mkuu. Kifungu cha tatu kilihusu posho, nacho kilikuwa kirefu.

Walinzi kumi na wawili wakaletwa, na baada yao watalii. Hawakuwa watu wabaya. Walitembea kando ya mfereji wakiwa na fimbo mbili kila mmoja, ingawa walikuwa vijana wasioumwa miguu. Walipandisha baiskeli mlimani kwa jasho jingi ili wapate kushuka nazo. Ikafungwa kamba ya chuma kutoka ukingo mmoja wa bonde hadi wa pili, na watu wakateleza juu yake wakipiga mayowe. Siku ya kwanza Mzee Elinihaki alipoyasikia mayowe yale alikimbia na ngazi begani kwenda kuokoa maisha. Alipofika, aliyekuwa akilia alimwambia kwamba amefurahi sana.

*

Vuli ya mwaka uliofuata ilinyesha siku tatu tu, lakini ilinyesha kwa hasira. Kipande cha mlima kikaporomoka juu ya mfereji, na gogo moja penye mwamba likatoka mahali pake. Kitandani, Mzee Elinihaki akasikia.

"Limetoka gogo la pili," alisema. "Na tope limejaa kuanzia penye mikuyu."

"Basi kapige mbiu," alisema mkewe.

"Kupiga mbiu ni kosa. Kifungu cha kwanza."

"Na maharage yatakunywa kifungu?"

Asubuhi akavaa koti lake la kanisani, akaenda ofisini kwa Mhifadhi Mkuu. Bwana Kunzugala alimpokea kwa heshima, akamketisha chini ya picha ya mfereji iliyokuwa kubwa kuliko dirisha.

"Bwana," alisema mzee, "nimekuja kutubu. Siku ile nilikujibu maneno ya adabu. Mfereji huu tunautengeneza sisi. Mimi mwenyewe nimeuzoa miaka arobaini na mitatu. Tazama." Akaiweka mikono mezani, viganja juu, yenye sugu ngumu kama kwato.

Bwana Kunzugala aliitazama kwa muda, kisha akaufunga mlango.

"Mzee, ifunike mikono hiyo. Tusaidiane kufikiri. Kama hukuugusa, ripoti ni kweli, na wewe ni raia mwema. Kama uliugusa, umeharibu urithi wa taifa kila mwaka kwa miaka arobaini na mitatu, na hilo ni kosa la jinai."

"Wakati ule sheria haikuwapo, bwana."

"Urithi ulikuwapo. Tena si hayo tu. Kiongozi Mkuu aliwaambia nini mataifa sitini?"

"Kwamba unatengenezwa na wafu."

"Je, Kiongozi Mkuu amesema uongo?"

Mzee Elinihaki alikuwa amefundishwa na wamisionari kujibu swali analoulizwa, kwa sentensi kamili. Aliitafuta sentensi hiyo dakika nzima, asiipate.

"Nilijua tutaelewana," alisema Bwana Kunzugala. "Kama waliotutangulia wamesimamisha maji, wana sababu zao. Tumeunda tume ya kuwasikiliza."

Tume ilikaa kando ya mfereji siku kumi na nne ikisikiliza, ikala vizuri, ikaandika kwamba marehemu hawakuwa na malalamiko yoyote. Na ili watalii wasivunjike moyo, kila Jumamosi boza la maji lilipanda mlima na kumimina maji katika ile sehemu ya mfereji iliyo mbele ya jukwaa la kutazamia, hatua mia moja na ishirini kamili. Watalii walipiga picha, maji yakafika mwisho wa hatua zile, yakazama ardhini. Bondeni majani ya maharage yaligeuka manjano kuanzia pembeni. Ndiva ilikauka, na sakafu yake ikapasuka vipande vipande kama mkate uliosahauliwa kikaangoni. Ilibaki miezi miwili ya kiangazi, na ghalani hapakuwa na kitu.

*

Aliyeleta shauri alikuwa karani Semu, Msajili wa Vizazi na Vifo katika tarafa, ambaye zamani Mzee Elinihaki alimfundisha katekisimu. Semu alikuwa mmoja wa watu wachache nchini mle walioisoma sheria hadi mwisho.

"Mwalimu," alisema kwa sauti ya chini, "sheria inamkataza mtu aliye hai. Haimkatazi marehemu. Marehemu ndiye mwenye kazi."

"Unaniambia nife, Semu?"

"Hapana, mwalimu! Nakuambia usajiliwe. Kufa ni kwa Mungu. Kusajiliwa ni kwangu."

Uongo mmoja wa adabu ulikuwa umemfikisha mzee hapo, na sasa alikuwa akiombwa kuufunika kwa uongo wa pili wenye muhuri. Lakini aliyakumbuka maharage, na midomo iliyoyategemea. "Kanisani nitaruhusiwa kuingia?"

"Karatasi hii haifiki kanisani. Ni ya serikali tu."

Semu akaijaza fomu. Penye "Sababu ya kifo" alifikiri kidogo, akaandika: *Kazi maalumu.*

Bi Nakijwa alipoonyeshwa cheti alikisoma mara mbili, mara ya tatu akakisoma kwa sauti. "Baba Ombeni, miaka arobaini na sita nimekupikia ukiwa mzima. Leo umetoka asubuhi na koti, jioni waniletea maiti yenye njaa?"

"Ni karatasi, Mama Ombeni."

"Kila kilichotupata mwaka huu ni karatasi."

Habari zikaenea, na mtani wake, Mzee Sefania, akaja kama desturi inavyomtaka mtani aje penye msiba. Alijilaza chali mlangoni ili watu wasipite.

"Marehemu alikuwa bahili huyu!" alipiga kelele. "Alikuwa akinusa mchuzi wa jirani na kumalizia ugali wake mkavu!"

"Nakusikia, Sefania," alisema Mzee Elinihaki kutoka ndani.

"Marehemu hasikii! Nyamaza, usiwavurugie wafiwa! Tena alikuwa akiimba besi kanisani kama ng'ombe aliyekwama mtoni!"

"Mpe kahawa," mzee akamwambia mkewe, "aondoke mlangoni."

"Apewe na marehemu mwenyewe," alisema Bi Nakijwa. "Mimi niko eda."

Hiyo ilikuwa mara ya mwisho watu kucheka katika nyumba ile.

Kesho yake Mzee Elinihaki alipanda mlimani, jembe begani, cheti kikining'inia shingoni katika mfuko wa plastiki. Walinzi walikisoma, wakapiga saluti. Akaingia mferejini, akaanza kuzoa. Watalii waliletwa kumtazama, na mwongozaji wao akawaomba wanong'one, kwani marehemu yuko kazini. Bwana Kunzugala alifurahi mno. Aliandikia Wizara kwamba sasa waliotutangulia wameanza kuonekana kwa macho.

Lakini mtu mmoja wa miaka sabini na mmoja ni mtu mmoja tu, hata akifa. Kwa siku tisa alizoa hatua mia mbili. Penye gogo lililotoka alikaa chini. Gogo lile lilihitaji watu wanane.

Siku ya kumi Mzee Sefania alitokea akiwa na jembe, na cheti shingoni. "Nisogezee nafasi, marehemu," alisema. "Huko kwa walio hai hakuna maji."

*

Baada ya hapo hapakuwa na wa kuwazuia. Jumatatu iliyofuata karani Semu alikuta msururu mlangoni, na kabla ya saa ya chai alikuwa amepokea maombi ya vifo themanini na saba. Mmoja alitaka aandikwe amekufa kwa homa, kwa kuwa babu yake alikufa kwa homa. Mwingine alishauri wote waandikwe sababu moja ili wasitofautiane huko mbele. Semu aliwaandikia wote kazi maalumu, hadi wino wa muhuri ukamwishia.

Aliyekataa alikuwa Bi Nakijwa peke yake. "Lazima abaki mtu wa kwenda dukani," alisema. "Marehemu hauziwi chumvi."

Mzee Elinihaki akapiga mbiu, na msaragambo wa marehemu themanini na tisa ukatoka. Ulikuwa msaragambo mzuri kuliko wote alioukumbuka. Waliimba. Gogo likainuliwa mara moja, likakaa mahali pake kama jino. Siku ya nne, saa tisa mchana, alitega sikio akiwa penye mikuyu, akainua mkono watu wote wakanyamaza. Na kutoka juu, msituni, ikasikika sauti ndogo kama ya mtu anayefungua karatasi. Kisha maji yakaja, ya kahawia, yakisukuma majani mbele yake, yakapita katikati ya miguu yao na kuendelea chini bila kugeuka.

Ndiva ikajaa. Maharage yakainuka. Bi Nakijwa aliwapikia togwa marehemu wote, nao walikunywa hadi sufuria ikalia.

Siku ile hakuna aliyesema kwamba mfereji ameutengeneza yeye.

*

Barua ilikuja baada ya majuma sita. Iliandikwa kwa Bi Nakijwa, mkazi pekee wa Bonde la Kivumoni.

Wizara, ilisema barua, imepitia daftari la wakazi, ikasikitika kuona kwamba wenye mashamba themanini na tisa wamefariki dunia katika muda mfupi. Kwa mujibu wa sheria ya ardhi, shamba ambalo mwenyewe amefariki na warithi hawakujitokeza hurudi kwa taifa. Warithi hawakujitokeza. Walikuwa mijini, na hawakuwa na habari. Maana ni mzazi gani atakayempigia mwanawe simu kumwambia kwamba amekufa? Kwa hiyo taifa, kwa moyo mzito, limeyapokea mashamba hayo na kumkabidhi mwekezaji, ambaye atajenga Hoteli ya Chemchemi ya Mababu. Ndiva itakuwa bwawa la kuogelea.

Mzee Elinihaki alifika kwa karani Semu akikimbia, jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwona akilifanya tangu siku ya ile ngazi.

"Nirudishe, Semu. Turudishe wote."

Semu alikuwa amekwisha kulia kabla mzee hajaingia. "Mwalimu, hakuna fomu ya kufufuka. Rasimu yake ilikuwapo, ikapelekwa kwa viongozi wa dini watoe maoni. Haijarudi."

"Basi nitaandika malalamiko."

"Malalamiko hupokelewa kwa walio hai."

Akaenda kwa Bwana Kunzugala. Bwana Kunzugala hakumketisha, kwa kuwa hakuna kanuni ya kumketisha marehemu. Alisimama tu kwa heshima, kofia mkononi, kama watu wanavyosimama makaburini.

"Bwana, wewe unanijua. Umekula kwangu."

"Nimekula, mzee wangu. Nami nitakukumbuka daima."

"Niko mbele yako! Nasema nawe!"

"Ndiyo," alisema Bwana Kunzugala, na macho yake yalikuwa na huzuni ya kweli. "Hilo tumeliandika katika ripoti mpya, sura ya tano."

Bi Nakijwa naye akaandika malalamiko kwa mkono wake, kurasa tatu. Akajibiwa kwamba shamba lake mwenyewe halina tatizo, ila halina njia ya kufikika bila kupita katika ardhi ya hoteli, na kwamba kuhusu wengine themanini na tisa hana mamlaka ya kuwasemea, isipokuwa katika jambo moja. Jambo hilo lilikuwa limebandikwa tayari katika mti wa penye daraja la kutokea bondeni, nalo lilisomeka hivi:

*Tangazo la kuhamisha makaburi. Ndugu, jamaa na marafiki wa marehemu waliomo katika Bonde la Kivumoni wanatakiwa kujitokeza katika muda wa siku thelathini ili kuhamisha masalia ya wapendwa wao. Muda huo ukipita, kazi itafanywa na mkandarasi kwa mashine.*

Bi Nakijwa alisimama mbele ya tangazo lile kwa muda mrefu. Kisha akamgeukia mumewe, ambaye alikuwa akitazama chini.

"Nikikataa kutia sahihi?"

"Italetwa mashine."

"Na nikitia?"

"Tutatoka kwa miguu."

Akatia sahihi mara themanini na tisa. Penye "Uhusiano na marehemu" aliandika, katika kila karatasi: *Jirani.* Katika ile ya kwanza tu aliandika: *Mke.*

*

Waliondoka asubuhi ya Alhamisi, wakitanguliwa na Bi Nakijwa mwenye bahasha ya vibali na sufuria moja kichwani. Nyuma yake walifuata marehemu themanini na tisa na magodoro yao, na kuku, na majembe begani. Hakuna aliyewazuia wala kuwatukana. Katika nchi ile marehemu waliheshimiwa sana. Watalii waliokutana nao njiani walivua kofia.

Penye daraja, pale mfereji unapopita chini ya lango, askari aliwahesabu mmoja mmoja. "Masalia themanini na tisa," alisema, akaandika. "Yamekamilika."

Kando yake, pale maji yanapoingia chini ya lango, jani moja la mkuyu lilikuwa limekwama, na kijiti kimelala juu yake. Maji yalikuwa yameanza kuyumba kidogo kushoto. Mzee Elinihaki alilisikia kabla hajaliona. Alijua jani hushika kijiti, kijiti hushika tope, tope hupandisha maji, na maji yakipanda pale hula ukingo, hata kabla ya vuli nyingine ukingo wote huenda. Akainama, akanyoosha mkono.

"Hairuhusiwi kugusa, mzee," alisema askari.

"Mimi ni marehemu." Akamwonyesha cheti.

Askari alikisoma kwa makini, akakirudisha kwa mikono miwili. "Ni kweli, mzee, pole sana. Lakini wanaoruhusiwa ni marehemu waliomo bondeni. Wewe umekwisha kuhamishwa."

Mkono ulibaki hewani kidogo, kisha ukarudi. Jani lilikaa pale pale. Askari, ambaye alikuwa mgeni katika sehemu zile na alitaka kumpoza mzee kwa maneno mazuri, akautazama mfereji ukimetameta juani hadi mikuyuni.

"Lakini ni kazi nzuri sana hii, mzee," alisema. "Nani aliutengeneza?"

Msafara wote ukasimama. Themanini na nane walimtazama mgongoni, majembe begani, na hata Mzee Sefania hakuwa na utani. Mzee Elinihaki akafumbua kinywa. Aliitazama mikono yake. Akaificha nyuma ya koti.

"Waliotutangulia, bwana," alisema.

Askari akatikisa kichwa kwa kustaajabu, akatoa kalamu. Bi Nakijwa aliiona kalamu, akamwona mumewe, na safari hii hakukohoa. Aliiweka sufuria sawasawa kichwani, akavuka daraja.